Safari ya Kuufuata Umeme: Kutoka Ras Fumba Hadi Kidatu

Mwenye kutembea Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ataona bahari, majabali ya mwambao na ngarawa za wavuvi. Kama si mtu wa kuuliza, atarudi mjini bila ya kujua kwamba amepita penye koo la kisiwa kizima. Hapo Ras Fumba ndipo unapotokeza nchi kavu waya wa umeme utambaao chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, mwendo wa kilomita karibu 40. Taa za misikiti yetu, pampu za maji, friji za dawa hospitalini, vyote vyapumua kwa koo hilo.

Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mimi nalikuwa mtoto wa chuoni bado, na wazee wakatuambia kwamba umeme sasa watoka Bara. Tulidhani waletwa kwa jahazi, kama saruji. Kabla ya hapo taa za mjini zilitegemea mitambo ya Saateni iliyokuwa ikila mafuta, na sisi watu wa shamba tulitegemea kandili.

Nimeandika habari ya safari hii kwa sababu ya kisima. Chuo chetu, kilichoko njia ya Fumba, kina kisima kilichochimbwa na wazee waliotutangulia. Mfereji wa maji ulipotufikia tulikifunika kwa zege, na mimi mwenyewe ndiye niliyetoa shauri hilo. Nalisema kwamba nawahofia watoto wasitumbukie. Hilo lilikuwa kweli, walakini ndani ya moyo nalikuwa pia nikikiona kisima ni kitu cha watu wa kale, kisichofaa kuonekana mbele ya chuo chenye taa za umeme.

Mwezi wa Mei 2008 waya ukaharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa muda wa karibu wiki nne. Tukavumilia, tukasahau. Mwezi wa Disemba 2009 ukaharibika tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Waya ulikuwa umekaribia umri wa miaka 30, na uwezo wake ulikuwa wa megawati 45 hivi, hali watu na haja zao walikuwa wamezidi sana. Wengi walipolitaja giza lile walitaja taa, lakini taa ni jambo dogo. Mtu aweza kulala. Lililotutesa ni maji. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka, na watoto wa kike wakaonekana alfajiri na madumu vichwani wakitafuta visima ambavyo baba zao walikuwa wamevifukia. Siku ya nne tulikipasua kifuniko cha zege kwa nyundo na mtaimbo. Nalishika nyundo mwenyewe, maana nalijua ni deni langu.

Mwaka 2013 ulilazwa waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani. Pemba nayo ilikuwa imepata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, kwa msaada wa Norway. Mambo yakatengenea. Kisima chetu kikabaki wazi, kimezibwa kwa mabati na mawe tu, mpaka mwaka 2025 ambapo mtoto wa miaka saba alipenyeza mguu baina ya mabati yale, akaokolewa na mwenzake aliyemshika kanzu. Kamati ya chuo ikakutana usiku ule ule. Wengi walitaka kisima kifukiwe kabisa kwa kifusi, nao wakaniachia mimi neno la mwisho. Nikaomba muhula wa wiki mbili, kwa kuwa nalikuwa na safari ya harusi huko Kidatu, mkoa wa Morogoro, kwa mtoto wa ami yangu afanyaye kazi ya ufundi wa umeme katika kiwanda cha sukari. Nilipoitazama ramani nikaona kwamba safari yangu ya harusi ni ile ile njia ya umeme wetu, ila mimi nitaipita kinyumenyume, kama mtu aupandaye mto kutafuta chemchemi.

Tulivuka bahari kwa boti, na Dar es Salaam nikapanda treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya mji huo na Morogoro mwaka 2024. Msomaji ambaye hajaipanda nitamwambia jambo moja: haina moshi wala haitikisi kikombe. Juu ya reli umetandikwa waya, na treni yaugusa waya huo kwa mkono wa chuma, ikila njiani kama ng'ombe alaye huku akitembea. Kabla sijamaliza juzuu niliyokuwa nikiidurusu tukawa Morogoro. Zamani safari hiyo ilikuwa ya nusu siku, na vumbi.

Kutoka Morogoro nalipanda basi. Njia yakata mbuga ya Mikumi, na tembo wawili walikuwa wamesimama karibu ya barabara bila ya kutujali. Baada ya mji wa Mikumi basi likageuka kusini, milima ya Udzungwa ikajitokeza mbele yetu, na nguzo za chuma zikaanza kuonekana, moja baada ya moja, zimebeba nyaya zao juu ya miti. Nalizihesabu hadi thelathini na kitu, kisha usingizi ukanishika.

Kidatu ni mahali pa miwa na maji. Ulikuwa msimu wa mavuno, na mashamba yaliyochomwa yalitoa majivu mepesi yaliyotua juu ya kanzu yangu ya harusi. Mto Ruaha Mkuu hupita hapo ukitoka nyanda za juu, lakini mwenye kusimama darajani hautambui utukufu wake, kwa kuwa kazi kubwa yafanyika asipoona. Juu kidogo kuna bwawa liuzuialo mto. Maji huingizwa ndani ya mlima kwa handaki la karibu kilomita 10, yakaporomoka zaidi ya mita 170 mpaka kwenye mitambo minne iliyojengwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Kila mtambo hutoa megawati 51, jumla 204. Miwili ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, na miwili ya pili mwaka 1980, ule ule mwaka ambao waya ulifika kwetu Fumba. Kwa hiyo sisi watoto hatukukosa sana tulipofikiri kwamba umeme ulisafiri kama shehena. Ulisafiri kutoka hapa, kwa nguzo za kilomita kama 300 kupitia Morogoro hadi Ubungo, kisha Ras Kiromoni, kisha baharini.

Maji yenyewe hayastarehe baada ya hapo. Yalikwisha fanya kazi juu, kwenye bwawa la Mtera lenye megawati 80. Yakifika Kidatu hufanya kazi ya pili. Halafu Ruaha huingia Rufiji, na maji yale yale hukutana na bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, iliyoanza kuwashwa mwaka 2024. Tone moja na vibarua watatu!

Usiku, baada ya wageni kutawanyika, nalimwuliza mtoto wa ami yangu swali lililonisumbua tangu utotoni: yawezekanaje umeme usafiri mwendo wote huo usimwagike? Akacheka, akasema, "Humwagika, Maalim. Shughuli yetu ni kuupunguzia kumwagika."

Akanieleza hivi. Kazi ya umeme hutokana na mambo mawili, msukumo wake, ambao huitwa volti, na wingi wa mkondo upitao. Mkondo mwingi huutia waya moto, na moto huo ni umeme uliopotea njiani bila ya faida. Ukiuzidisha msukumo mara kumi, utahitaji mkondo wa fungu moja tu katika kumi kufanya kazi ile ile, na hasara ya moto haitapungua mara kumi, itapungua mara mia. Nyumbani twatumia volti 230. Katika nguzo zile umeme huenda kwa volti 220,000, yaani karibu mara elfu. Elfu kwa elfu ni milioni. Mimi nimefundisha hesabu ya mirathi miaka mingi na siamini kwa kusikia tu. Nikaikagua juu ya karatasi ya sukari, nikaiona imetimia. Umeme huo ukija kwa volti za nyumbani kwa waya ule ule, hasara yake ingezidi mara milioni, na Ubungo pasingefika hata wa kuwasha kijiti kimoja cha taa. Ndiyo maana hupandishwa kwa transfoma mwanzo wa safari, na kushushwa kwenye vituo vya kupozea mwisho wa safari. Ndiyo maana pia nguzo ni ndefu: msukumo wa namna hiyo hautaki kukaribiwa.

Hapo nikamwambia kwa furaha kwamba taa ya chuo chetu, basi, ni taa ya Kidatu. Akanikatiza kwa adabu. "Ya zamani, labda. Siku hizi umeme hauna jina, Maalim. Wa gesi ya Songo Songo, wa Mtera, wa Rufiji, wote umemiminwa katika birika moja. Mwenye kuchota hajui amechota wa nani." Nikanyamaza, nikaona kwamba elimu yake ni kubwa kuliko mfano wangu.

Asubuhi ya pili nalikaa barazani na mzee mmoja jirani, mwenye shamba la mpunga. Alikuwa kijana nguzo ziliposimamishwa, naye alibeba mchanga wa msingi wake. Nalimwuliza taa yake ya kwanza aliipata mwaka gani. Akanitazama kama mtu apimaye kama swali ni la mzaha. Alisema nyaya zile zilivuma juu ya paa lake usiku, wakati wa mvua, zaidi ya miaka 30 kabla hajapata taa. "Zilikuwa zikienda kwenu," akasema, bila ya hasira. Sikuwa na la kumjibu. Nalijua habari za miezi mitatu ya giza letu, na nimezisimulia mara nyingi kwa uchungu, hata mbele ya watu wa Bara.

Habari ya mzee huyu si yake peke yake. Katika Kongo, umeme wa maporomoko ya Inga hupelekwa hadi Kolwezi, katika nchi ya migodi ya shaba ya Katanga ambako Kiswahili chasemwa, kwa waya wa kilomita 1,700 hivi uliokamilika mwaka 1982. Umepita juu ya vijiji visivyo na idadi, navyo vikabaki gizani. Sababu moja ni fedha na uamuzi wa wakubwa. Sababu ya pili ni ya ufundi. Umeme wa majumbani kwetu ni mkondo geu, uendao na kurudi mara 50 kila sekunde, na huo waweza kuchotwa njiani kwa transfoma. Lakini kwa mwendo mrefu mno, na hasa chini ya bahari, mkondo geu hujichosha wenyewe kwa kuujaza na kuuachilia waya. Hapo mafundi hutumia mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu. Hasara yake ni ndogo, walakini kuugeuza kwahitaji kituo cha gharama kubwa kila mwisho, na hakuna awezaye kujenga kituo cha namna hiyo kwa kila kijiji. Waya huo ni kama boti ya moja kwa moja: haitii nanga bandari ndogo.

Na ajabu ni kwamba njia hii ya mkondo mnyoofu ilianza kutumika kibiashara kwa ajili ya watu wa kisiwani kama sisi. Mwaka 1954 Sweden ilipeleka umeme hadi kisiwa chake cha Gotland, chini ya bahari, mwendo wa kilomita karibu 98, megawati 20. Leo China ina waya wa namna hiyo utokao Xinjiang hadi Anhui, kilomita kama 3,300, uliokamilika mwaka 2019, wenye kubeba megawati 12,000. Waya mmoja!

Kwa nini watu wahangaike hivyo? Kwa sababu riziki ya nguvu haikugawanywa sawa duniani, si kwa mahali wala kwa wakati. Mwaka 2006 ukame uliyapunguza maji ya Mtera, na Tanzania ikaingia katika mgao wa umeme mkali. Kumbe katika nyanda za juu za Ethiopia mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba, wakati ambapo mito yetu yanywea. Mwenye waya mrefu aweza kuazima mvua ya jirani. Tangu mwishoni mwa 2022 waya wa mkondo mnyoofu wa kilomita 1,045 wapeleka umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya. Na Disemba 2024 Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa nguzo za volti 400,000 kutoka Isinya hadi Singida. Septemba 2025 Ethiopia ikafungua bwawa lake kubwa la Abai, lenye megawati 5,150. Mtu angeweza sasa kuishika njia ya waya kwa kidole juu ya ramani kutoka kijijini kwetu hadi Abai bila ya kukiinua kidole.

Jua nalo ni hivyo hivyo. Tunapoadhini Magharibi Unguja, kwa ndugu zetu wa Morocco bado ni mchana na jua lao laweza kazi. Nchi hiyo imejenga Ouarzazate mitambo ya jua ya megawati 580, na tangu 1997 imefungwa na Hispania kwa nyaya zipitazo chini ya mlango wa bahari wa Jabal Tariq, umeme ukivuka pande zote mbili kwa kadiri ya haja. Wako wataalamu watakao dunia nzima ifungwe hivyo, upande wenye mchana uuangazie upande wenye usiku, na moshi wa makaa na mafuta upungue. Ufundi wa kufanya hivyo, kama nilivyoeleza, umekwisha patikana.

Ufundi usiopatikana kiwandani ni wa ujirani. Msumbiji ilijengewa bwawa la Cahora Bassa, na waya wa kilomita 1,420 ukapeleka umeme wake Afrika Kusini. Vita vikaingia, nguzo zikaangushwa kwa mamia katika miaka ya 1980, na bwawa likakaa na maji yake bila ya mnunuzi hadi miaka ya 1990 kukaribia kwisha. Nguzo ya umeme haina mlinzi. Yalindwa na kutokuwako mtu chini yake mwenye sababu ya kuiangusha. Nalipofikiri hayo nalimkumbuka tena yule mzee wa mpunga, aliyekaa miaka 30 chini ya nyaya zivumazo na asiguse nguzo hata moja.

Wakati wa kurudi nalikwenda Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, kuona mahali umeme uingiapo baharini. Hapana cha kuona. Kuna uzio, mitambo ndani yake, na ng'ambo yake mchanga na mawimbi. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu aliniuliza natafuta nini, nikamwonyesha bahari, nikasema natafuta njia ya kwetu. Akanielekeza bandarini.

Nalifika nyumbani Alhamisi. Kamati ikakutana baada ya Isha, chini ya taa. Niliwaambia kwamba kisima hakifukiwi. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu, akauliza ikiwa sasa tuna waya mkubwa, na Tanzania ina bwawa la Rufiji, na hata Ethiopia imefungamana nasi, kisima cha nini? Nikamjibu kwamba kadiri kamba irefukavyo ndivyo mafundo yake yazidivyo, na mimi nimeyaona baadhi ya mafundo hayo kwa macho. Akauliza tena, je, mtoto mwingine akitumbukia? Hilo lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulipita kwa maneno.

Basi tumemwagiza fundi kifuniko cha chuma chenye bawaba na kufuli, kizito kiasi cha kuinuliwa na watu wazima wawili. Ufunguo mmoja anao mwadhini, wa pili ninao mimi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi vijana hukifungua, wakateka ndoo kumi za kumwagilia minazi ili maji yasivunde, kisha wakakifunga.

Wazazi ambao bado hawajatoa mchango wa kifuniko wanaombwa wamwone mweka hazina wa chuo.